Kola Mia Nne na Zimwi la Vichwa Saba

Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, mlango wa chumba cha kushonea kola za mashati ulifungwa kwa kufuli, na fundi hakufunguliwa mpaka atimize kola mia nne. Mafundi walikuwa kumi na wanne, wote wanawake, na walishona huku wakibishana. Ubishi ulikuwa mmoja, wa miaka kumi na moja: katika waovu wa hadithi za kale, nani kiboko yao? Kuna waliosema Zimwi la Vichwa Saba, kuna wa Mwizi wa Vivuli, kuna wa Msimamisha Jua. Shangazi Kola, wa mashine ya mwisho, hakuwa na upande. Alisema wote watatu wametiwa chumvi tu.

Ijumaa ile hakutaka ubishi. Binti yake alikuwa anaapishwa uuguzi saa kumi jioni, na Shangazi hakuwahi kufika kwenye jambo lolote la mtoto huyo, hata siku aliyovunjika mkono. Ruhusa aliiomba mwezi mzima. Msimamizi alimjibu kwamba ruhusa ni kola mia nne, na kola mia nne hazijawahi kwisha kabla ya saa kumi na mbili.

Saa nne waovu wakabisha hodi, wote watatu. Walisema wamechoka kusemwa, wamekuja wapimwe, na atakayeshindwa ambebe mshindi popote atakapo, kama ilivyo sheria yao. Msimamizi alikuwa na upungufu wa watu watatu. Aliwafungulia, akawapa mashine, akafunga kufuli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msimamisha Jua akaanza. Aliinua mkono, jua likasimama, naye akangoja vilio. Hakuna aliyejua, kwa sababu madirisha yalipigiliwa mbao, na mle ndani siku ilipimwa kwa kola. Mkono ukamchoka, akaushusha.

Mwizi wa Vivuli alipita na gunia lake nyuma ya kila kiti, akainama, asipate hata kimoja. Hapo ndipo mafundi walipokumbuka kwamba vivuli vyao vilikwisha zamani, mwaka wa pili hivi au wa tatu. Hakuna aliyekuwa ameviulizia.

Zimwi likajipiga kifua, likasema litamshinda kushona yeyote aliyemo. Vichwa vyake vikagombana upande wa nje wa kola ni upi. Viwili viliomba kwenda kunywa maji, vikaambiwa mpaka mchana. Kufikia saa nane lilikuwa na kola tisa, tano zimepinda, na kichwa cha nne kinalia. Shangazi alikuwa na mia mbili na sabini.

Akazima mashine, akasimama.

"Nimewashinda, sijawashinda?"

Vichwa sita vikakubali papo hapo. Cha saba kilizitazama zile kola tisa, kikakubali nacho.

"Basi nibebe. Naenda kwa mwanangu."

Zimwi likamtia mgongoni, likapasua mabati ya paa, likatoka naye. Mwizi wa Vivuli alimbebea mkoba. Njiani vichwa vilibishana kuhusu barabara, wakachelewa, ikabidi Msimamisha Jua alishike jua kwenye saa kumi kasoro dakika tano mpaka Shangazi apate kiti cha mbele. Safari hii mkono haukumchoka. Zimwi liliombwa kuinama, watu wa nyuma waone.

Jua likaachiwa, saa kumi ikafika, binti akaanza kiapo. Alipomwona mama yake alinyamaza, akaanza upya tangu neno la kwanza, kwa sauti iliyofika barabarani. Shangazi akapanda juu ya kiti.

"Huyo ni wangu! Mnamwona? Wangu!"

Akalia kwa furaha, wala hakuficha uso.

Jumatatu aliingia kazini kifua mbele, na mafundi wote wakasimama kumpigia makofi. Ubishi ulikuwa umekwisha: kiboko yao ni Shangazi Kola. Paa lilikuwa limezibwa kwa bati nene zaidi, na tangazo ukutani lilisema kola sasa ni mia nne na ishirini, maana imeonekana watu wanapata nafasi ya kutembea. Waovu watatu walikuwa wameshakaa kwenye mashine zao, wameandikwa vibarua.

Saa moja kasoro robo kufuli likalia. Kichwa cha tatu cha zimwi kikanong'ona kuuliza, hapa watu hutoka saa ngapi?

Shangazi Kola akakisogelea, akachukua kola iliyokuwa mbele yake, akakionyesha upande wa nje.