Sauti Iliyojifunza Jina la Stephania

Tangu jana mtoto alikuwa hashiki ziwa. Akipewa, aligeuza kichwa polepole kuelekea migombani, akatulia kama mtu anayesikiliza maongezi ya wengine.

Mama yake alikuwa na majina mawili. Kanisani na barazani, mbele ya mumewe Elpidius, karani wa mizani ya kahawa pale Nyabiyonza, aliitwa Stephania na alisema Kiswahili. Jikoni kwa mama mkwe aliitwa Kokuhirwa na alisema Kinyambo. Alishazoea kuvuka ule ua mdogo kati ya baraza na jiko huku akibadili ulimi. Mtoto, yeye, alibatizwa Anatory, basi. Jina la nyumbani, Rweyemamu, alilolichagua babu yake tangu mimba ikiwa changa, Elpidius alilikataa.

"Moja linamtosha," alisema. "Mawili yatamchanganya."

Babu mwenyewe alikufa kabla mtoto hajazaliwa, akazikwa kibanjani, humo humo kwenye migomba inayoizunguka nyumba.

Mama mkwe, bibi Eustadia, alikuwa amemwonya mapema. "Ukiitwa kutoka kibanjani na humwoni anayeita, nyamaza. Ukiitika umekwenda. Ila ukisikia hilo lako la padri, itika tu, mwanangu. Wafu hawalijui. Hata mimi mzima lanishinda."

Kwa hiyo wiki ile sauti ya baba mkwe ilipoita kutoka migombani, "Kokuhirwa," alinyamaza. Iliporudi siku nyingine, alinyamaza tena, akamkumbatia mwanawe.

Alasiri hii ukungu ulishuka mapema. Alikuwa akimenya ndizi barazani, mtoto mgongoni, akasikia, "Si-te-fa-nia."

"Abee," akaitika, na kisu kikamponyoka.

Mzee hakuwahi kulitamka jina hilo uhai wake wote. Sasa alilivunjavunja taratibu, kama mtu mzima aliyeanza juzi kusoma herufi. Hakuna jani lililotikisika.

"Huyo mgongoni ni nani?"

"Shikamoo, baba." Akamgusa mtoto mgongoni. "Anaitwa Anatory."

"Nani?"

"Anatory."

Kisha sauti ikasema kwa uchovu, "Nimeweza lako, mwanangu. Hilo limenishinda."

Akamwonea huruma. Mzee wa watu, kutoka huko aliko, amekuja na jina geni mdomoni ili asikilizwe. Na yeye ashindwe kuvuka ua tu? Akamfungua mtoto, akampakata, akamnong'oneza sikioni kwa Kinyambo, "Wewe ni Rweyemamu."

Mtoto akageuka kutoka migombani. Akashika ziwa kwa nguvu hata likamuuma mama yake. Huko kibanjani migomba yote ikatikisika mara moja, bila upepo, ikatulia.

Elpidius alirudi akiisukuma baiskeli, ingawa njia ilikuwa tambarare. Akasimama barazani bila kuvua kofia.

"Nimeitwa pale njiani," alisema. "Elpidius. Baba hajaniita hivyo hata siku moja."

"Ukaitika?"

"Niliitika."

Akamtazama mtoto anavyonyonya, jasho dogo likimtoka puani. Akaketi karibu na mkewe. Pale pale barazani, ambapo yeye mwenyewe alikataza Kinyambo, akauliza kwa lugha hiyo hiyo, "Umeshamwambia jina lake, au nimwambie mimi?"