Kabichi ya Pipani

Mimi Štefica ni mtu wa chaki. Naingia darasani, nasema, watoto wanaandika, kengele ikilia kila mtu anajua asidi ni nini na anakwenda zake. Ndivyo nilivyofundisha kemia tangu nikiwa msichana mwembamba, na msinicheke, niliwahi kuwa mwembamba. Halafu ukaja mtaala mpya. Eti mwalimu asitoe jibu! Mtoto aulize, ajaribu, akosee, agundue mwenyewe. Na mimi nifanye nini muda wote huo, nifume soksi?

Ningejifanya sijausikia, lakini shule yetu inapungukiwa watoto kila mwaka. Wazazi wanahamia Ujerumani na Ireland, na huku kwetu Slavonia, mashariki mwa Kroatia, nyumba zinafungwa moja baada ya nyingine. Zvonko, mkuu wa shule, akaniita ofisini. Aliongea huku anatazama dirishani, nikajua ni habari mbaya.

"Ijumaa mkaguzi wa kemia atakaa kwenye kipindi chako," akasema. "Akiridhika, saa zako unabaki nazo. Asiporidhika, kemia tutampa yule mwalimu wa mjini anayezunguka shule kwa shule na gari lake. Wewe tutakupa maktaba."

"Maktaba? Nikawafutie vitabu vumbi?"

"Štefica, usinipigie kelele. Si mimi niliyeleta mtaala."

Nilitoka pale. Kemia ndiyo kazi niijuayo na niipendayo. Bila hiyo sijui ningeamkia nini asubuhi.

Tihana, binti anayefundisha fizikia chumba cha pili, alikuwa ameniingiza kwenye kundi la walimu wa kemia mtandaoni. Mimi nilikuwa nachungulia tu, siandiki neno. Mle kila mtu anabandika picha za kupendeza, rangi zinang'aa, watoto wanacheka, hakuna anayemwaga wala kuvunja. Nikizitazama najiona nimepitwa na wakati. Lakini safari hii nikaiga jaribio moja: maji ya kabichi ya zambarau. Ukitia siki yanakuwa mekundu, ukitia magadi ya kuokea yanakuwa ya buluu. Nikawaambia watoto wa darasa la saba walete kabichi kutoka kwao.

Jumatano tukafanya mazoezi. Tukatia siki, kimya. Tukaongeza siki, kimya. Darasa zima likanuka kama bakuli la saladi, na maji yalikuwa mekundu vilevile kama yalivyokuja.

"Mwalimu, mbona hayageuki?" akauliza Mirna, msichana wa dawati la mbele asiyeniachia nipumue.

"Yatageuka. Kaa kimya."

Hayakugeuka. Kengele ilinikuta nimesimama na chupa ya siki mkononi, na aibu yangu nikaipeleka chumba cha walimu.

"Uliza kundini, mama," Tihana akaniambia.

"Nijianike mbele ya nchi nzima?"

"Jianike. Ijumaa ni kesho kutwa."

Nikaandika, vidole vizito: kabichi yangu haibadiliki rangi, nifanyeje? Majibu yakamiminika. Mmoja akasema siki imekufa, mwingine akasema nibadilishe maji. Kisha akaingia Jadranka, mwalimu wa kisiwani kule Dalmatia, mwanamke mwenye mdomo.

"Shoga, hiyo kabichi imetoka wapi?"

"Watoto wameleta kutoka kwao."

"Sokoni au pipani?"

"Pipani! Kwani mwezi wa Novemba kabichi inakaa wapi kwingine?"

Loo! Walivyonicheka! Kila nyumba ya kwetu vuli ikifika inachachusha pipa la kabichi kwa chumvi, na humo hutiwa na za zambarau ili pipa lote lipate rangi. Kabichi ikishachacha ina ukali wake tayari, yaani asidi, ndiyo maana maji yalikuja mekundu. Mimi mwalimu wa kemia nilikuwa natia siki kwenye siki! Nikaifungia simu kwenye droo nikaapa sitaifungua tena.

Jadranka akapata kwa Tihana namba ya simu yangu ya mezani, akanipigia nyumbani.

"Umenuna?"

"Nimenuna."

"Nuna, lakini hiyo kabichi usiitupe. Mimi natafuta miaka yote jambo la kuwafanya watoto wagombanie jibu, wewe umeletewa na mapipa. Weka ile ya pipani karibu na mbichi ya sokoni, kisha funga mdomo."

"Hapo kwenye mdomo ndipo sipawezi."

"Hata mimi sipawezi. Ndiyo maana natafuna pipi. Pipi ngumu, ya asali. Ikiwa mdomoni huwezi kuhutubu. Na fungua kundi usome, mwenzangu."

Nikafungua. Chini ya swali langu walimu walikuwa wamejaza mikosi yao. Mmoja alipaka dari la darasa rangi ya chungwa, mwingine alichoma nyusi zake mbele ya mkurugenzi. Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa furaha. Kumbe hata wao wanamwaga.

Ijumaa mkaguzi, Bwana Domagoj, akakaa nyuma na kalamu yake. Nikaweka glasi mbili mezani, moja nyekundu, moja zambarau, nikasema, "Zote kabichi. Haya, niambieni." Nikatia pipi mdomoni.

Jamani, mateso! Wakasema ni uchafu, nikanyamaza. Wakasema ni rangi ya dukani, nikaing'ang'ania pipi. Kisha Borna, ambaye tangu shule ifunguliwe hajanyoosha mkono, akainama akanusa.

"Hii inanuka kama kwa bibi yangu. Hii ya pipani!"

Basi wakalipuka. Siki ikaingia kwenye ile mbichi, ikawa nyekundu kama mwenzake. Magadi yakaingia kwenye ile ya pipani, ikatoa povu, ikageuka zambarau, kisha buluu. Wakapiga kelele mpaka Tihana akachungulia mlangoni.

"Lakini bibi haweki siki, anaweka chumvi tu," Mirna akasema. "Sasa ukali kautia nani?"

Bwana Domagoj akainuka nusu kutoka kitini, uso umemng'aa, mdomo wazi, jibu liko ulimini. Hata sikufikiri. Nikaenda mpaka nyuma nikamwekea pipi kiganjani.

Akaitazama. Akanitazama. Akaimenya, akaitia mdomoni, akakaa chini, na watoto wakarudi kugombana.

Kengele ilipolia Zvonko alikuwa anatusubiri nje ya mlango, mikono nyuma. "Haya, Bwana mkaguzi, kemia tumpe nani?"

Bwana Domagoj, shavu limevimba kwa pipi, hakuweza kutamka neno. Akaninyooshea kidole.