Kidole Kimoja, Simu Tatu

Krr-krr.

Sauti ilitoka jikoni, fupi na kavu, kama panzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Ikanyamaza. Kisha tena: krr-krr. Mulinge, aliyekuwa uani akipiga viatu vyake brashi, hakuhitaji kuchungulia. Ni simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao ikikataa kidole.

"Mwaitu, umenawa mikono?" aliuliza kwa nguvu.

"Nimenawa kwa sabuni, nikasugua na jivu," mama yake akajibu kutoka ndani. "Sasa niichemshe?"

Mulinge aliingia. Mama yake, Mutanu, alikuwa ameinamia simu kama mtu anayemlisha mtoto mkaidi. Kwenye benchi walikaa wenzake wawili wakisubiri zamu, kila mmoja na simu yake: Susu Kanyiva, bibi wa meno machache na ulimi mkali, na Ndila, jirani yao. Hao ndio waliokuwa viongozi wa kikundi cha wanawake wa kanisa pale Kikima, wasukaji wa viondo, vikapu vya mkonge. Kanyiva mwenyekiti, Ndila katibu, Mutanu mweka hazina. Mfuko wa kikundi ulikuwa kwa Mutanu tangu Mulinge akiwa shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kusema umepungua.

Sasa viondo vilikuwa vimepata mnunuzi wa ng'ambo, naye alitaka kulipa kwenye akaunti ya benki. Wanawake wakamwambia Mulinge awachagulie benki, kwa kuwa alijua simu na alijua maneno.

Alipima benki mbili. Benki ya Mzizi ilikuwa na programu iliyochoka: unaandika namba ya siri, unangoja, unaandika tena namba nyingine inayotumwa kwa ujumbe. Hata kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, iliweza kuitumia, na pesa nyingi zikitolewa, benki hupiga simu kwanza kuuliza. Mulinge aliidharau. Benki ya Kilele ndiyo iliyomteka. Programu yake iling'aa, ilifunguka kwa kugusa tu, na pesa za kikundi hazikutoka mpaka viongozi watatu waidhinishe, kila mmoja kwa kidole chake, kwenye simu yake.

Angeweza kuwaeleza wanawake hayo kwa maneno ya kawaida. Lakini Mulinge alikuwa malenga wa kujifundisha mwenyewe, na damu ya ujana ilikuwa inamchemka. Jumapili alisimama mbele ya waumini wote, kifua mbele, akaghani:

*Namba hutajwa njiani, jirani akaidaka,*
*Kidole ki mkononi, mwizi hawezi kupoka.*

Kanisa zima lilipiga makofi. Mchungaji alitaka arudie, naye akarudia. Watoto walitoka nje wakiimba. Kilele ikachaguliwa siku hiyo hiyo.

Na sasa Kilele ilikuwa inamkataa mama yake.

"Lete hapa." Alimshika mkono, akakibana kidole chake juu ya simu. Krr-krr. Akajaribu cha shahada. Krr-krr. Akajaribu cha Kanyiva, akajaribu cha Ndila. Hakuna. Aibu ikaanza kumpanda, naye akaigeuza kuwa mzaha, kama walivyo vijana wenye kiburi.

"Haki ya Mungu, hii ni mikono ama ni gogo?"

"Gogo hilo ndilo lililokununulia hivyo viatu," Susu Kanyiva akasema. "Endelea kuvipiga brashi."

Ndila alicheka mpaka akajipangusa machozi. Mutanu hakucheka. Alivuta mkono wake pole pole, akauficha kwenye leso.

Mulinge alikuwa amekwisha kuona. Ncha za vidole vya mama yake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Mkonge ulikuwa umezilamba. Miaka ya kupara majani, kusokota nyuzi juu ya paja, kukaza kila mshono kwa kidole gumba. Michoro yote ilikuwa imekwenda na viondo. Simu haikuwa na cha kusoma.

Palepale alijua la kufanya. Ilikuwa ni kusema tu: nilikosea, twendeni Mzizi. Maneno machache. Lakini masikioni mwake bado yalilia yale makofi ya Jumapili, na ulimi ukawa mzito.

"Niachieni simu," akasema. "Nendeni mkanywe chai kwa jiko la nje. Nitazitengeneza."

Walipotoka, alisajili kidole gumba chake mwenyewe. Simu ya kwanza ikakubali. Ya pili. Ya tatu. Programu ilipodai neno refu la siri, aliandika mstari wa shairi lake, ule ule kwenye simu zote. Alipoinua macho, mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Alikitazama kidole cha mwanawe, akaitazama simu. Aliweka chai mezani, akatoka.

"Zimekubali!" Mulinge aliwatangazia uani.

"Zimekubali vidole vyetu?" Kanyiva akauliza.

"Zimekubali, susu."

Jumatano wanawake walijaa kwenye ukumbi wa kanisa. Benki ya Kilele ilimtuma afisa wake, Wangui, msichana mpole mwenye miwani. Wanawake walimpokea kwa wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa shairi la Mulinge, wamelitia kayamba na kibwagizo. Yeye alikaa karibu na mlango, mguu juu ya mguu, viatu viking'aa.

"Kabla sijaifungua akaunti," Wangui akasema, "kila kiongozi ataingia kwenye programu peke yake nikiona. Kijana, wewe kaa huko huko, usiwasaidie."

Mguu wa Mulinge ulishuka.

Mutanu alianza. Ukumbi ulikuwa kimya, na kila mtu akasikia: krr-krr. Akafuta kidole kwenye sketi. Krr-krr. Susu Kanyiva akajaribu, akasogeza simu mbali na macho, akaibonyeza kama mtu anayeua chawa. Krr-krr.

"Kwani jana si zilikubali?" mtu akauliza nyuma.

Wangui alivua miwani. "Mama, nani alisajiliwa kwenye simu hizi?"

Macho yalianza kugeuka mlangoni, jozi baada ya jozi. Ndila ndiye aliyeelewa kwanza, na Ndila hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Mwizi hawezi kupoka! Kumbe malenga kukopesha anaweza!"

Kicheko kilipasuka, kisha kikafa chenyewe. Kila mwanamke alikuwa anafikiria viondo vyake.

"Mjue maana yake," Wangui akasema polepole. "Benki ilidhani pesa zenu zina walinzi watatu. Zina mmoja tu. Huyo mmoja akitaka, au akiibiwa, au akilazimishwa, hakuna wa kumzuia. Siwezi kufungua akaunti hii."

Mulinge alisimama. Hilo alilifanya. Alifungua mdomo, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, na mdomo ukabaki wazi bure. Aliona nyuso za wanawake waliompigia makofi.

"Ni mimi nilimwambia," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mama yake. Mutanu, shemasi, mwanamke ambaye hata bei ya nyanya haongezi, alikuwa amesimama akiongopa ndani ya kanisa.

"Nilichoka kujaribu, nikamwambia aweke chake. Kosa ni langu."

Huo ndio ulikuwa wakati wa Mulinge kusema. Alijua. Alihesabu pumzi, moja, ya pili, na kila iliyopita ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Akaketi.

Susu Kanyiva alimtazama Mutanu kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mulinge kwa muda mrefu zaidi.

"Mama Mulinge," akasema, "mfuko ukae kwa Ndila mpaka tuelewane. Si kwa ubaya."

Mutanu aliuvua begani, ule mfuko wa kiondo wenye ukingo mwekundu, akauweka mezani. Ndila aliuchukua bila mzaha wowote.

Walirudi nyumbani kwa njia ya juu, ile inayopinda kati ya matuta ya mahindi. Mutanu alitangulia. Alikuwa amechomoa mkonge na kuanza kusuka akitembea, kama kawaida yake, lakini bega lake la kushoto lilikaa vibaya, likitafuta uzito uliozoeleka. Mulinge aliliona bega hilo, na vumbi la njia lilikuwa limekwisha kula mng'aro wa viatu vyake. Alitamani mama yake amtukane. Angepata la kujibu.

"Kwa nini ulisema vile, mwaitu?"

"Nilikuona umesimama." Hakugeuka. "Nikakungoja. Hukusema. Mtu hawezi kumwacha mwanawe amesimama wazi vile, kama mtu aliyenyang'anywa nguo sokoni."

"Si kweli ulichosema."

"Mungu anajua. Na Kanyiva anajua, yule hadanganyiki. Wengine watanijua kwa uongo huo huo." Vidole vyake vilikaza mshono. "Tembea, mvua inakuja."

Mulinge hakutembea. Alisimama katikati ya njia, akauchukua mkono wa mama yake, ule alioutukana, akaugeuza na kuutazama mchana kweupe. Laini. Baridi kidogo. Mistari ya shairi ilimjia kichwani kwa mazoea, vina vikajipanga vyenyewe, naye akavifukuza kama kuku kwenye nafaka.

"Mwaitu, nisikilize," akasema. "Jumapili nitasimama pale pale niliposimama, bila shairi. Nitasema kidole ni changu, uongo ni wangu, na wewe hukuniambia kitu. Nitakifuta kwenye simu zote tatu wakiona. Na tukienda Mzizi, siku utakapoiandika namba yako ya siri, nitakupa mgongo nisiione, mwaitu. Nitasimama huko nje mpaka uniite. Nakuahidi."