Dawa ya Daisi

Kila siku saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Bitutu alichemsha bomba la sindano katika sufuria ndogo isiyopikiwa kitu kingine. Pembeni, juu ya makaa, alishika kwa kibanio kichupa chembamba chenye dawa ya bluu iliyochanganywa na matone manane ya mkojo wa paka. Ikichemka na kubaki bluu, paka yu salama. Ikigeuka kijani, si vibaya. Ikiwa nyekundu kama tofali, sukari imepanda, na siku hiyo sindano iliongezwa kidogo. Mkojo wenyewe aliukinga kwa upawa, akimvizia paka nyuma ya migomba kwa subira ambayo wanawe wenyewe hawakuwahi kuionja.

Paka aliitwa Daisi. Alikuwa wa memsahibu mmoja aliyekuwa na shamba pale Nyansiongo kabla serikali haijalikata vipande na kuwagawia Wakisii. Mwaka 1965 memsahibu alifunga masanduku yake, akauza ng'ombe, akawapiga risasi farasi wake wawili wazee, kwa huruma, kama alivyosema mwenyewe, akaondoka. Daisi alikuwa mzee mno kupanda meli. Bitutu alikuwa amempikia na kumfulia mama huyo kwa miaka kumi na tisa, na kama malipo ya miaka hiyo yote aliachiwa paka na karatasi ya maagizo.

Karatasi ilisema: sindano asubuhi na jioni, kwenye ngozi ya shingo. Chakula baada ya sindano. Akitetemeka na kulegea, apakwe asali kwenye ufizi mara moja. Chupa za dawa zikae mahali pa baridi. Bitutu aliziweka chupa ndani ya chungu chenye maji, akakifukia chungu nusu kwenye udongo chini ya kitanda chake. Kila mwezi kifurushi kipya cha dawa, kilicholipiwa na memsahibu, kilifika Keroka kwa basi la Nairobi, kimepigwa kwa mashine neno moja: DAISI.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla paka mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma. Hakutembea kwa vidole kama wenzake. Alikanyaga kwa kisigino kizima, akishuka kidogo kila hatua, kama mzee anayepapasa kiti. Bitutu alimkanda miguu kwa mafuta ya ng'ombe na kumtandikia magunia sakafuni asiteleze. Majirani walicheka mwanzoni, kisha wakazoea. Mtu huzoea chochote, hata kuona maini yakipita mlangoni kwake yakielekea kwa paka.

Mwaka 1967 Bitutu mwenyewe alianza kupata kiu. Alikunywa mtungi mzima kabla ya adhuhuri na bado ulimi ukamkauka. Sisimizi walijipanga mstari hadi nyuma ya choo chake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alichukua matone manane ya mkojo wake, akayachemsha, akaangalia rangi ikipita kijani, ikapita manjano, ikafika kwenye tofali. Aliketi kwenye kigoda. Wekundu ule alikuwa ameujua miaka mingi, ila hakuwahi kuufikiria kuwa wake.

Alikwenda hospitali. Daktari alikubaliana na kichupa, akamwandikia dawa ile ile aliyopewa Daisi. Karani wa dawa aliisoma karatasi, akasema imekwisha, aje mwezi ujao. Mwezi ujao ilikuwa imekwisha. Alikwenda mara kumi na moja.

Basi akamwomba Kemuma, binti yake aliyeolewa kilima cha pili, amwandikie memsahibu barua. Kemuma aliandika habari za paka kwanza, kama ilivyopasa, kisha akaongeza kwamba Mama naye ameshikwa na ugonjwa wa Daisi na hospitali haina dawa. Jibu lilifika baada ya wiki saba. Memsahibu alisikitika sana. Alimshauri Bitutu apunguze viazi vitamu na asali. Alikumbusha kwamba Daisi hapendi maini yaliyopoa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hana haja ya kumjua.

Siku moja wakipika, Kemuma alinusa nyama ikiungua na nyama haikuwapo. Mama yake alikuwa amekanyaga kaa la moto huku akiendelea kukoroga mboga.

"Mama, mguu."

Bitutu aliutazama mguu wake kama wa mgeni. "Sikusikia," alisema.

Kemuma alimwosha kidonda, akakifunga. Kisha akasema lile alilokuwa amelinyamazia mwaka mzima. "Chupa ziko chini ya kitanda chako, Mama."

"Ni za Daisi."

"Daisi ni paka."

"Niliahidi. Mtu wa Sabato haibi cha mgonjwa."

Kidonda kilipoanza kunuka, alikubali. Alichemsha sindano, akavuta kipimo, akajidunga tumboni, akasukuma. Dawa haikuingia. Ilisimama, kisha ikarudi nyuma ndani ya bomba taratibu, na Kemuma alipoisogeza chupa karibu, ikarudi chupani hadi kwenye mstari ule ule. Wakajaribu tena. Mara ya tatu Kemuma alisukuma kwa mikono yake yote miwili hadi vidole vikauma. Siku hiyo hiyo jioni Daisi alidungwa na dawa ikamwingia kama maji mchangani.

Kemuma alimwita mumewe. Machogu alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo wa serikali, mtu wa buti na daftari. Lakini kwa Wakisii mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake, hamgusi, wala hautazami mwili wake. Hiyo ndiyo heshima inayoitwa chinsoni, na Machogu aliishika kuliko alivyoishika kazi. Akasimama nje ya dirisha, akaligeuzia mgongo, akapokea chupa kutoka mkononi mwa mkewe.

"Mama, pole na mguu," alisema, akiyatazama majani ya chai shambani.

"Asante, mwanangu."

Machogu aliisoma chupa. "Imeandikwa Daisi. Dawa hufuata karatasi. Hata yetu ya ng'ombe iko hivyo hivyo. Ikiandikwa kituo cha Nyamache, ukaipeleka Magwagwa, haifanyi kazi."

"Basi iandike Bitutu," Kemuma alisema.

Machogu aliandika Bitutu kwa kalamu nzuri, wakabandika. Dawa ilirudi chupani kama kwanza. "Haina muhuri," alisema Machogu, akaenda kazini.

Daisi alikufa mwaka 1969, Ijumaa alasiri, akiwa ameshiba, mkojo wake bluu safi. Walimzika kwenye migomba. Bitutu alilia, na wala hakuona aibu, maana alikuwa amemlea kiumbe yule vizuri, na kulea vizuri ni kulea vizuri. Kisha akakumbuka kifurushi cha mwezi ule kilichokuwa bado hakijafunguliwa, na kilio kikabadilika.

Nyanchera, wifi yake, alikuja kumpa pole. Ni yeye aliyeanza maneno ya jina. Kwa Wakisii jina la aliyekufa nyumbani haliachwi likazurura, hupewa mtoto atakayezaliwa. "Na hapa hakuna mwenye mimba," alisema. "Jina litalala wapi?"

"Nipeni mimi," alisema Bitutu.

"Mong'ina, mama wewe, mtu mzima hapewi jina la marehemu."

"Paka naye hapewi dawa. Huyu alipewa."

Nyanchera akalala pale. Asubuhi, jua likichomoza, alimsimamisha Bitutu mlangoni na kumwita mara nne kwa jina la paka. Mara ya nne Bitutu aliitika. Wakaingia ndani, wakachemsha sindano, na dawa ikaingia bila kusukumwa.

Wiki tatu baadaye kichupa kilikuwa bluu. Kidonda kilifunga, ingawa kidole kimoja kilikuwa kimeshakwenda. Miguu haikurudi. Mishipa ikishakufa imekufa, na Bitutu sasa alitembea kwa visigino juu ya magunia yale yale. Kanisani katibu alimsoma kama Dada Daisi katika orodha ya waliopona, na waumini wakasema amina. Jirani mmoja alipomwita Bitutu kwa kusahau, hakugeuka. Hakuwa na kiburi. Aliogopa tu dawa isije ikasikia.

Kila mwezi memsahibu alitaka habari za Daisi, na kila mwezi Kemuma aliandika. Bitutu hakukubali mstari hata mmoja wa uongo. Daisi anakula vizuri. Daisi anapokea sindano bila matata. Memsahibu alifurahi, akashangaa tu jinsi anavyoishi miaka mingi, akaihesabia hewa ya milimani. Mwanzoni mwa 1971 Bitutu aliuliza kama wameeleza habari za miguu.

"Kuna haja gani, Mama?"

"Ameuliza hali. Hali ni pamoja na miguu."

Kemuma akaandika: Daisi hasikii tena miguu yake. Amepoteza kidole kimoja. Anatembea kwa visigino, na siku za baridi hutambaa.

Barua iliyofuata haikuja kwao. Ilikwenda ofisi ya mifugo, pamoja na chupa ndogo ya kahawia. Memsahibu aliandika kwamba amelia usiku mzima. Kiumbe mzee hapaswi kuteseka hivyo, na kumweka hai ni ukatili. Aliwaomba wamlaze Daisi usingizi wa mwisho, kwa sindano moja, kwa upole. Akaongeza kwamba farasi wake aliwafanyia hisani hiyo hiyo na hakujuta. Wauza dawa wa Nairobi alikuwa amekwisha kuwaarifu wasitume tena vifurushi.

Eneo lilikuwa la Machogu, kwa hiyo agizo alipewa yeye. Alivaa buti, akaweka chupa ya kahawia mkobani, akapanda kilima. Alisimama nje ya dirisha na kuligeuzia mgongo.

"Mama, nimetumwa," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa Daisi."

Kuku walipita. "Basi ingia, mwanangu," Bitutu alisema. "Kazi ni kazi."

"Siwezi kuingia, Mama. Wewe unajua."

"Najua."

Machogu alisimama hapo mpaka jua likapinda, machozi yakimshuka, mikono yake nyuma kama anayesubiri kuitwa ofisini. Kisha akarudi, akaandika ripoti ya mistari miwili: Haikuwezekana. Mnyama ni mama mkwe wangu. Mkubwa wake, naye mtu wa Kisii, aliisoma, akaona sababu ni halali, akaigonga muhuri na kuifungia kabatini. Hakuna aliyemwandikia memsahibu, kwa kuwa hakukuwa na fomu ya kumwandikia.

Kifurushi cha mwezi uliofuata hakikuja. Cha pili hakikuja. Kemuma alikwenda hospitali kwa niaba ya mama yake. Karani alilitafuta jina la Bitutu, akasema huyo hajaonekana miaka miwili na kadi yake imefutwa. Kemuma alimtajia Daisi. Karani aliuliza ni nani, akaelezwa, akasema kwa adabu kwamba hapa hawatibu paka. Waliandikisha kadi mpya. Juu ya hayo yote, dawa ilikuwa imekwisha.

Kichupa kilianza kuwa kijani, kisha manjano. Sisimizi walijua kabla ya watu.

Ile chupa ya kahawia haikukubali kukaa ofisini. Ilikuwa imepigwa kwa mashine, ina muhuri, ina jina. Machogu aliifungia kabatini, na kesho yake ikakutwa kwenye dirisha la mama mkwe wake. Aliirudisha mara mbili, mara ya tatu akaacha. Asubuhi iliyofuata ilikuwa mezani. Iliyofuata, kwenye kigoda. Iliyofuata, kando ya mto wa kulalia, karibu na shingo ya Bitutu. Machogu hakuweza kuingia kuiondoa, kwa hiyo Kemuma ndiye aliyepanda kilima kila alfajiri kuichukua na kuirudisha dirishani, na chupa ilianza safari yake upya.

"Usijichoshe nayo," mama yake alimwambia asubuhi moja. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. "Dawa nyingine zote nilizifuata mimi. Hii peke yake ndiyo inayonifuata."

"Usiseme hivyo, Mama."

"Nasema ilivyo."

Kemuma aliishika chupa kwa pembe ya leso, akaiweka dirishani, mbali kadiri mkono ulivyofika. Alichemsha matone manane, akayaona yakigeuka tofali. Alimkanda mama yake miguu kwa mafuta ya ng'ombe, ijapokuwa hakusikia, akamnyoshea magunia. Kisha alichukua kadi na kushuka barabarani. Kufika saa nne alikuwa wa tatu kwenye foleni, na karani akamwambia imekwisha, aje mwezi ujao.