Pikapu Iliyolambwa na Ng'ombe

Pikapu ya Mzee Nkoitiko ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukipiga honi unaangalia chini kama kuna kilichodondoka. Hayo maneno ni yangu. Niliyasema mengi juu ya gari ile, karibu yote yalichekesha, na leo nikiyakumbuka natamani kuvuta fulana nijifunike uso.

Alituletea Jumatano asubuhi, gereji kwetu Manundu, hapa Korogwe, akitokea kwake porini nyuma ya Misima. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. Fundi Sufiani, mwenye gereji, aliingia chini na tochi, akatoka na unga wa kutu kwenye nyusi.

"Mzee, humu unabeba nini?"

"Maji. Na chumvi ya ng'ombe."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka wa kumi na moja huu. Ng'ombe wenyewe wanajua. Nikiegesha tu, wanakuja kuilamba huku chini."

Mimi ni fundi wa miaka minne pale, lakini mdomo wangu ni wa siku nyingi zaidi. "Basi mzee, hii si gari, ni bonge la chumvi lenye usukani. Ungewaachia wakaimaliza."

Gereji nzima ilicheka. Mzee Nkoitiko alicheka kuliko wote, akanigusa bega na fimbo yake. "Ero," aliniita, yaani kijana kwa Kimaasai, "wewe mama yako alikuzaa ukiwa unacheka?"

Fundi Sufiani alipotulia alimweleza kazi ilivyo. Boliti zinazoshika springi zilikuwa zimegandana na bushi zake. Zikilazimishwa siku ileile zitakatika. Zinataka kuloweshwa polepole, mafuta yapenye, ndipo zifunguliwe.

"Siku ngapi?" mzee aliuliza.

"Jumamosi unaondoka na gari yako."

Mzee alihesabu kimoyomoyo. Lambo la kwao lilikuwa limekauka, na pikapu ile ndiyo iliyokuwa inafuata maji ya ndama kisimani, mapipa manne kila siku. Sasa kazi hiyo ilibaki kwa mkewe Nemayian na punda watatu. "Mpaka Jumamosi watavumilia," alisema. "Zaidi ya hapo, wale wadogo hawafiki."

Fundi akanipa kopo lililojaa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, na brashi. "Kibwana, asubuhi na jioni. Boliti zote nane. Usiruke hata moja."

"Fundi, nitazinywesha kama watoto wa kliniki."

Jioni ile nilipitia kwanza kijiwe cha kahawa, dakika mbili tu, niwape habari ya ng'ombe wanaolamba gari. Wakataka nirudie. Nikarudia, nikaongeza ulimi wa ng'ombe na sauti yake. Niliporudi gereji ilishafungwa. Alhamisi watu wawili walikuja kuiona hiyo gari, wakafuatwa na wengine, na mimi nikawazungusha na brashi mkononi kama mtembeza watalii. "Hapa alilamba dume, hapa mtamba." Brashi ilikuwa kavu. Kila mara nilisema nikimaliza hili la kuchekesha nitaingia chini.

Ijumaa baada ya swala Fundi aliniuliza, "Unalowesha?"

"Fundi, zimelowa mpaka zinaomba taulo."

Alicheka. Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini hata hapo sikwenda.

Jumamosi saa mbili mzee alikuwa amefika, shuka imefungwa vizuri, tayari kwa safari. Tukaweka spana, tukaunganisha bomba refu kwenye mpini, Fundi akavuta. Boliti ya kwanza ilitoka kwa kulia. Ya pili ikatoka kwa moto wa gesi. Ya tatu ilitoa mlio mkavu, ikakatika kichwa. Ya nne ilikatikia ndani ya kishikio cha kwenye chesesi. Fundi aliipiga moto na nyundo karibu saa nzima, na mwisho kishikio chenyewe kikapasuka.

Alikaa chini, akageuza kipande cha boliti mkononi.

"Kavu kama kuni," alisema. "Siku tatu za mafuta na hayakupenya. Mzee, chumvi imeingia ndani sana. Kishikio hiki hapa Korogwe hakipo. Mpaka kitoke Dar, ni wiki."

Mzee Nkoitiko hakumlaumu mtu. Alisogea pembeni akapiga simu, akaongea Kimaasai kwa sauti ya chini. Aliporudi alisema, kama anayetuomba radhi sisi, "Nimemwambia mke wangu kosa ni langu. Mwaka jana alinikataza kubeba chumvi humu, nikambishia. Leo nimemkubalia."

Nikasema, "Mzee, si chumvi. Mimi sikulowesha."

Fundi Sufiani akatabasamu kwa uchovu. "Kibwana, hata leo utani?"

"Kweli, Fundi."

"Mwache," mzee akasema, naye akicheka kidogo. "Anataka kunipunguzia uzito. Ahsante, ero. Una moyo mzuri."

Nimewahi kutukanwa na wateja, na mwalimu wa hesabu, na mama mkwe wa mtu. Hakuna tusi lililoniingia kama ile ahsante.

Nilikwenda nyuma ya pipa la oili chafu, nikatoa kopo nililoliacha pale tangu Jumatano, brashi ikiwa ndani. Nilitembea nalo polepole maana lilijaa mpaka ukingoni. Nikaliweka chini mbele yao. Buibui alikuwa amefunga uzi kutoka kwenye mpini wa brashi mpaka mdomo wa kopo.

Fundi aliangalia ule uzi, akaangalia boliti mkononi mwake. Akageuka akaanza kukusanya spana moja moja.

"Siku tatu ulikuwa unafanya nini?" mzee aliuliza. Hakuwa mkali. Alitaka kujua.

"Nilikuwa nawasimulia watu ng'ombe wako wanavyolamba gari."

Alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba na yeye alicheka. Kisha akatoa simu, akabonyeza, akasikiliza ikiita, akanipa.

"Nemayian anajua Kiswahili. Mwambie chumvi haina kosa. Na mimi sina."

Niliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani? Gari inakuja?"

Nyuma ya sauti yake ndama walikuwa wanalia, wengi, bila kupumzika. Nilitafuta neno la kulainisha mambo. Siku zote huwa ninalo.

"Haiji, mama," nilisema. "Ni mimi niliyeiharibu. Naitwa Kibwana."