Siku Saba Sebuleni kwa Ba

Jana usiku niliota siku saba za juma zimekuja kwetu asubuhi, zote kwa pamoja, na kila moja imevua viatu mlangoni.

Kabla sijaingia ndotoni, nieleze. Ba ni mama mkwe wangu. Tangu aletwe Tanga akiwa bibi harusi, miaka hamsini na tano sasa, kila asubuhi amewasha taa mbele ya miungu yetu ya Kihindu kwenye rafu ndogo karibu na jiko, na hata tone la maji halijapita kooni mwake kabla ya ibada kuisha. Mwezi uliopita kiharusi kilimpiga mkono wa kulia. Akaniita, akanikabidhi kibiriti. “Daksha mwanangu, taa isikose.”

Lakini mimi ni mwalimu wa taaluma. Ukinipa taa moja nitakurudishia ratiba. Nilinunua karatasi ya manila nikachora juma zima: Jumatatu Shiva, maziwa juu ya jiwe lake takatifu na majina yake mia na nane. Jumanne Hanuman, Jumatano Ganesha na nyasi ishirini na moja. Alhamisi Vishnu, kila kitu cha manjano. Ijumaa Lakshmi, na kitu kichachu marufuku. Jumamosi Shani, mafuta ya ufuta, wala chuma kisinunuliwe. Jumapili Jua lenyewe. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi jirani aliponisifu niliongeza nyimbo mbili.

Ibada yangu ikawa inaisha saa nne. Ba ana kisukari, na muda wote huo anakaa kwenye kiti chake akingoja, kidonge mkononi, tumbo tupu. Juzi alitetemeka, jasho la baridi likamtoka. Nikamsihi anywe chai kwanza. “Mungu hajala, mimi nile?” akasema. Nikaogopa kupunguza ibada nisije nikamvunjia heshima, na nikaogopa kuiendeleza nisije nikamzika. Nililala na hofu hizo mbili.

Basi, ndotoni, siku saba zimekaa sebuleni. Jumatatu amelowa maziwa mpaka magotini na anaomba radhi kwa zulia. Alhamisi amevaa manjano na amekuja na mgomba, kaushika mkono. Jumanne amejitenga pembeni, anaficha mkono wa shati lake.

Karatasi yangu ya manila inakohoa ukutani. Ina sauti yangu kabisa.

“Hakuna kula mpaka kipindi cha mwisho,” inasema. “Ijumaa, tekeleza.”

Ijumaa anasimama kwa adabu na kutangaza kwamba kitu kichachu hakiruhusiwi. Chupa ya achari inashuka kabatini.

“Miaka sita nimekaa nyumba hii,” inalalamika, “na sijawahi kumkosea mtu.”

“Si mimi, ni ratiba,” anasema Ijumaa, huku akiisindikiza nje. Ndimu zinaifuata kwa mstari mmoja, na ukwaju nyuma yao.

Jumamosi naye anasoma zamu yake. Chuma hakitakiwi. Bawaba zinajifungua mlangoni na kuondoka, kisha misumari ya kiti cha Ba inatoka mmoja mmoja, inanipa mkono wa kwaheri. Kiti kinasambaratika polepole. Ba anabaki amekaa palepale hewani, kidonge mkononi.

“Ba, hujaumia?” nauliza.

“Sijaumia, mwanangu,” anajibu. “Nina njaa.”

Nageuka kumtafutia stuli, na sebule ni ukumbi wa mitihani wa shule yetu. Siku saba zimekaa kwenye madawati. Ba yuko dawati la mbele, bado anaelea. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo nagawa karatasi bila kushangaa. Mtihani una swali moja tu: Ba amekula saa ngapi?

Jumatano ananyoosha mkono. “Mwalimu, swali hili si letu. Ni lako.”

“Namheshimu,” nasema. “Naongeza ibada kwa sababu namheshimu.”

“Unatuongezea sisi,” anasema Jumatano. “Sisi hatuna njaa.”

“Kila mmoja wetu huja mara moja tu kwa juma,” anasema Jumamosi, ambaye nilidhani ni mkali kumbe ni mpole tu asiyetabasamu. “Ba yupo kila siku.”

Nakaa juu ya meza ya msimamizi, jambo ambalo nimewafukuzia wanafunzi. “Basi niambieni, yeye alifanyaje?”

Jumatatu anakamua pindo la suruali, maziwa yanatiririka chini ya madawati. “Aliinjika maziwa ya chai, kisha akaja kwetu. Taa. Ua moja. Maji kidogo. Jina la mwenye zamu. Kengele. Maziwa yakianza kupanda, amemaliza.”

“Hayo tu?”

“Kila siku,” zinajibu siku zote saba kwa pamoja.

Hapo ndipo niliposikia uzito wake. Siku aliyougua malaria, kila siku. Asubuhi baada ya kumzika mumewe, kila siku. Mimi na manila yangu tulikuwa na majuma matatu. Nilimtazama mama yule mwenye umbo dogo anayeelea mbele yangu, nikampenda na kumstahi kuliko nilivyowahi, na nikalia mbele ya watahiniwa.

“Mara moja yalimwagika,” anasema Jumanne kutoka nyuma. Ananyoosha mkono, na mkono wa shati umeungua kwa maziwa, kahawia mpaka kiwikoni. “Ilikuwa kwangu. Akasingiziwa paka.”

“Nani alimsingizia?”

Jumanne anamtazama Ba. Ba anatazama dari.

Karatasi ya manila inaanza kupiga kelele kwamba muda umekwisha. Nafumba macho, nafumbua, niko kitandani, na nje kunguru wanagombana.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu. Nilioga, nikainjika maziwa. Nikawasha taa, nikaweka ua moja la manjano na maji kidogo, nikamtaja Vishnu, nikapiga kengele. Sikuruka wala sikukimbia. Maziwa yalipoanza kupanda nilikuwa nimeshainamisha kichwa, nikageuka nikazima jiko.

Ba alikuwa ananitazama toka kitini kwake. Nilingoja aseme kwamba nimepunja. Nilimpa chai na chapati, naye akaanza kula, saa moja kasoro robo, akameza na kidonge chake. Sijaona mtu akila chapati nikafurahi namna ile.

“Daksha,” akasema, “habari ya kuinjika maziwa kwanza nani kakwambia?”

“Nimefikiri tu, Ba.”

“Hm.” Akatafuna. “Yaliwahi kumwagika mara moja tu. Uchungu wa kumzaa mumeo ulinishika nimeshika kengele. Nikasema nimalize kwanza.”

“Jumanne,” nikasema.

Akaacha kutafuna.

“Na paka wa watu hakuwa na kosa,” nikaongeza.

Ba aliangalia mlangoni, akaangalia rafu ya miungu, kisha akaniangalia mimi.

“Mama mkwe wangu alimpiga yule paka ufagio,” akasema taratibu. “Miaka hamsini na mbili sijamwambia mtu. Hata baba yao alikufa hajui.”

Akamaliza chapati, akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, akaninyooshea nimwongeze chai.