Posa Kutoka Kameruni

...na si kwamba Kifaransa kinamshinda, la, tangu Jumatatu amekuwa akizipanga mbele ya cherehani, sentensi nzima nzima za kumpokea mtu anayekuja kumposa binti yako wa pekee, maana Kifaransa ndiyo nguo ya kutokea, ndivyo Clémentine alivyolelewa Lubumbashi, lakini sasa kijana Roy amesimama katikati ya sebule, jasho linamtiririka, anamwambia kwa Kiingereza, "Samahani, Mama, wazee wangu wanauliza tuongee kwa lugha gani," na wazee wenyewe, baba yake mkubwa Sidney na baba yake mdogo Alexis, wamekaa kochi moja, kila mmoja anatazama ukuta wake, Sidney ameapa hatamposea mtoto wa marehemu ndugu yao kwa Kifaransa, Alexis ameapa Kiingereza hakitatoka kinywani mwake, na jikoni sombe, kisamvu cha kwao, linapoa... ndugu wa baba mmoja, Mungu wangu, baba mmoja, Roy alimweleza siku ile ya kwanza alipokuja dukani kwake, babu alikuwa na wake wawili, mmoja huku, mmoja kule, na katikati kijito cha kuvuka bila kuvua viatu, kijito hichohicho ambacho Mwingereza na Mfaransa, walipomnyang'anya Mjerumani nchi ile ya Kameruni, walikifanya mpaka, basi mtoto wa huku akaimbishwa shuleni kwa Kiingereza, wa kule kwa Kifaransa, na nchi iliporudi kuwa moja hao wawili walikuwa wamekwisha kuwa watu wawili, mmoja anasema wenye Kifaransa wanamdharau mahakamani, mwingine anasema wenye Kiingereza wanataka kuivunja nchi... kisha vita, duka la Sidney likachomwa, hajui na askari au na vijana wa msituni, akakimbilia kwa mwanawe Randburg, hapahapa Johannesburg, na mtoto wa Alexis akapelekwa na jeshi kupigana upande wa kina Sidney, akarudi ndani ya sanduku, na Sidney hakwenda kuzika, tangu hapo hawajasemezana, hadi leo, hapa Yeoville, kwenye kochi la Clémentine... na yeye ampeleke bintiye Gradi humo? akaishi katikati ya kochi hilo maisha yake yote, kila mtoto atakayezaliwa avutwe mkono huku na mkono kule? hapana, atawapa chakula wale, atawashukuru, atawaambia waende salama, na ataisema hiyo hapana kwa Kifaransa safi... kama baba yake kule Lubumbashi, baba naye alikuwa akifunga tai kabla ya kusema Kifaransa, mkaguzi akija kwenye reli sauti ya baba ilikuwa nyembamba, mabega yamemshuka, oui monsieur, oui monsieur, halafu mkaguzi akishaondoka baba anageukia karakana, "Leteni ile chuma huku, banangu, pole pole!" na Kiswahili kile kilijaa hadi kwenye mabati, wanaume arobaini wakasogea pamoja, na yeye mtoto mdogo, mkononi ana bakuli la bukari, ugali wa baba wa mchana, akajua baba yake ni mkubwa... sasa nini tena, Sidney amenong'ona kitu bila kugeuka, Alexis amejibu, Sidney amegeuka, Alexis anainua kidole, wameanza, hao wamekwisha anza, na Clémentine ametega sikio, hiki si Kiingereza, hiki si Kifaransa pia, maneno mazito, yanapanda na kushuka kama njia ya mlimani, "Roy, wanasema nini?" "Eish, Mama, hiyo ni lugha ya babu. Wanabishana babu yupi atajwe kwanza tukiposa," na Alexis anampiga kaka yake gotini, anahesabu majina kwa vidole, Sidney anatikisa kichwa, anamsahihisha kwa ukali, mkali kama kaka yeyote, na wala hawajajua kwamba wanasemezana, Bwana asifiwe, hawajajua... Mwingereza alikaa juu ya lugha hiyo, Mfaransa alikaa juu yake, hakuna shule iliyoifundisha, hakuna serikali iliyoiomba ibaki, na hiyo hapo, nzima, ina meno yake yote, inatoka vinywani mwa wazee wawili waliofiwa, na kitu kinampanda Clémentine kifuani, si huruma, ni fahari, anawaonea fahari watu asiowaelewa hata neno, kumbe wakoloni walichora mipaka walivyochora na bado hawakufika chini kabisa... na mimi je, mimi mwenye Kiswahili kilichonilea, nilitaka kumtoa mwanangu kwa sauti nyembamba? lakini Gradi mwenyewe, mtoto wa Johannesburg, ukimwita kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kizulu, atasikia nini... na hapo Gradi, mlangoni pa jikoni, kitenge kipya kimemkaa vizuri kiunoni, anasema polepole, kila neno analipima, "Mama, sema na Kiswahili ya kwetu. Miye nitabaambia," na mama anamtazama, mtoto huyu, hajawahi kuyapanga maneno ya Kiswahili hata matatu, alikuwa ameyaweka wapi, miaka yote hii alikuwa anasikiliza... nje teksi zinapiga honi Rockey Street, wazee wangali wanabishana, Roy angali amesimama, anangoja jibu, na Clémentine anainua kidevu, anavuta pumzi, ile hapana haimo tena, pana nafasi kubwa mno kifuani, wangoje kidogo, maneno ya Kiswahili ni mengi na yote yanataka kutoka kwanza...